Kipande cha Jirani: Tulivyonunua Ardhi ya Mteremko Panzi

Ukikiona kipande chenyewe unaweza kucheka. Upana wake mita tisa, urefu haufiki kumi na tatu, na sehemu kubwa ni mteremko ambao hata mbuzi anaupanda kwa kufikiri. Kiko upande wa juu wa nyumba yetu, Panzi, komini ya Ibanda, hapa Bukavu, Kongo. Tumekinunua, tumekipima, tumekijengea ukuta, na mpaka leo watu wa avenyu yetu wananiuliza ilikuwaje, hasa akina mama ambao jirani yao anataka kuuza na hawajui waanzie wapi. Naandika ili nisirudie maelezo yale yale kila nikitoka kanisani.

Aliyezaliwa Bukavu hahitaji kuelezwa sana. Hapa kwetu jirani anakaa juu yako au chini yako. Maji yake ya mvua yanakupitia wewe, na udongo wake ukichoka unashukia jikoni kwako. Jiko letu lina ufa tangu tetemeko la Februari 2008. Tuliuziba kwa simenti, ukatulia miaka mingi. Muzee wa juu alikuwa na mfereji aliouzibua kila mwisho wa kiangazi, kabla mvua za Septemba hazijaanza, na sisi hatukuwahi kumshukuru kwa sababu hatukujua ule mfereji unamsaidia nani. Alipofariki, wanawe wakaacha kulima kile kipande, mfereji ukajaa udongo na majani ya migomba. Msimu mmoja wa mvua ukatosha. Maji yalichimba chini ya ukuta wa jiko, ufa ukafunguka hadi ukapitisha vidole vyangu viwili.

Fundi tuliyemwita alizunguka jiko, akapanda juu, akashuka, akasema ukuta wa kuzuia udongo hauwezi kusimama kwetu. Kati ya jiko na mpaka hapakuwa na nafasi ya kupitisha bega. Lazima usimame juu, kwa jirani, na mtu hajengi ukuta wa maelfu ya dola kwenye ardhi ya mwenzake. Ama tununue, ama tungoje mvua nyingine.

Watu husema kununua kwa jirani ni rahisi kwa kuwa mnajuana. Kwangu mimi hakuna ununuzi mgumu kama huo, na kinachoufanya mgumu ni huko kujuana. Utamwombaje karatasi mtu ambaye msibani kwa baba yake wewe ndiye uliyekuwa unasonga bugali? Utamwambiaje unataka sahihi za dada zake bila yeye kuona unamdhania mwizi? Kwenye avenyu yetu kuna familia zilizouziana kwa kuaminiana, karatasi moja ya daftari na mashahidi wa kunywa nao bia, na leo watoto wao wanaonana mahakamani. Mume wangu ndiye aliyepata dawa ya aibu hiyo. Tulimchukua wakili kijana, tukapatana naye dola 150 kwa kazi yote, na kila swali gumu likawa linatoka mdomoni mwake. Mkubwa wa wale watoto alipokunja uso, mimi nilimwambia tu: "Kaka, ni wakili anataka hivyo, mimi unanijua." Uongo mdogo, lakini ulituweka tukisalimiana mpaka mwisho.

Bei ilianza kwenye dola 6,000. Ilianza juu hivyo kwa sababu fundi alikuwa amekwisha kupita na mita yake juu ya ardhi yao mchana kweupe, na avenyu nzima ikajua kwamba tuna shida. Bei kwanza, fundi baadaye. Kama lazima fundi aone mapema, basi aangalie akiwa ndani ya uzio wako. Yule mkubwa alijua hatuna pa kukimbilia. Ila na yeye hakuwa na pa kukimbilia, jambo ambalo ilinichukua muda kuliona. Gari halifiki pale. Nyumba ya maana haikai pale. Mtu wa kulima angetoa mia tano, labda. Mnunuzi pekee duniani wa kipande kile alikuwa mimi, na siku niliyomweleza hivyo, kwa upole, mbele ya mama yake, bei ilianza kushuka. Tulisimama kwenye 4,500.

Mara bei ikipatikana, komisioneri, yaani dalali, naye anapatikana. Kijana mmoja wa pale kwenye kona alifika akidai asilimia tano, kwa maelezo kwamba yeye ndiye aliyeipa familia habari kuwa tunataka kununua. Habari ambayo hata kuku wa avenyu walikuwa nayo! Wakili alituambia tusimlipe. Tulimpa dola hamsini, kwa sababu wakili anaishi Nyawera na sisi ndio tunaopita kwenye kona ile usiku. Mume wangu bado ananilaumu kwa ile hamsini.

Sasa, karatasi. Kabla ya yote haya nilidhani kama watu wengi kwamba mtu anauza ardhi yake. Wakili alitufungulia sheria ya ardhi, namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980. Kifungu cha 53 kinasema wazi kwamba ardhi ni mali ya Serikali peke yake, haiuzwi na haipotei kwa kupita kwa muda. Unachonunua kwa jirani ni haki yake ya kuitumia pamoja na alichojenga au kupanda juu yake. Kwa raia wa Kongo haki iliyo kubwa kuliko zote ni konsesyo ya kudumu, na kwa kifungu cha 219 haki hiyo inasimama kisheria kwa sertifika ya usajili inayotolewa na konservateri, afisa wa Serikali anayesajili ardhi. Karatasi ya shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa, hata ikipigwa mihuri mitatu, inaonyesha tu kwamba mliuziana na yeye akajua. Ni ushahidi mzuri, ihifadhi, lakini usiende nayo mahakamani ukidhani umebeba titre, yaani hati miliki.

Muzee alikuwa na nini? Mjane wake, ambaye sisi sote tunamwita Koko, alivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, akatoa bahasha ndani ya mfuko wa plastiki, na ndani ya bahasha kitambaa, na ndani ya kitambaa karatasi iliyokunjwa mara nne hadi mikunjo imekatika. Mtu alikuwa ameiunganisha kwa selotepu ambayo sasa ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Ulikuwa mkataba wa kukodi ardhi kwa Serikali, ule wa awali ambao sheria inaupa miaka isiyozidi mitatu, wa miaka ya themanini. Haukuwahi kuhuishwa wala kugeuzwa kuwa konsesyo ya kudumu. Koko alikuwa na hakika kwamba karatasi ile ni titre kamili. Na kabla ya mkataba huo, alisema, mume wake alikwisha kutoa kalinzi kwa mkubwa wa pale, zama ambazo huku kwetu kulikuwa bado mashamba.

Wasomaji wa Kabare na Walungu wanaijua kalinzi: ile zawadi ya ng'ombe au mbuzi inayompa mtu ardhi ya kukaa na kurithisha, tofauti na bwasa ambayo ni ya kulima kwa muda tu. Wenyeji wanaiheshimu kuliko muhuri. Sheria ya 1973 iliziingiza ardhi hizo zote katika mali ya Serikali, na kifungu cha 389 kikasema haki za wenyeji juu yake zitapangwa na amri ya Rais. Mpaka tunanunua, amri hiyo ilikuwa haijatoka. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na karatasi za ofisi zote na bado akafika mpwa kutoka kijijini akisema ng'ombe wa kalinzi alitoka kwenye zizi la baba yake. Wakili hakucheka. Alitaka mzee mmoja wa upande wa baba aje atie sahihi kama shahidi. Alikuja, akala, akapewa nauli, akatia sahihi.

Namba iliyokuwa kwenye mkataba tuliipeleka kadastre, ofisi ya vipimo vya ardhi, kabla ya kutoa hata franka moja. Hilo nalisema kwa sauti. Watu wanalipa kwanza halafu wanaenda kuuliza. Sisi tulikuta kiwanja bado kiko kwa jina la Muzee na hakuna mwingine aliyeandikishwa juu yake. Mama mmoja ninayeuza naye vitenge soko la Kadutu alikwenda na namba yake akakuta majina mawili, la muuzaji wake na la mtu asiyemjua, na alikuwa amekwisha kulipa nusu.

Kisha yakaja mambo ya urithi, na hapo ndipo tulipokaribia kuachana na mpango wote. Muzee aliacha watoto sita. Kwa Sheria ya Familia, ile namba 87-010 ya 1987 iliyorekebishwa 2016, watoto ndio warithi wa kundi la kwanza, wanapata robo tatu ya urithi, na mtoto wa kike ni sawa na wa kiume, aliyeolewa na asiyeolewa. Mtoto wa nje ambaye baba alimtambua kihalali naye yumo. Mjane ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba ya ndoa. Kwa hiyo muuzaji wetu hakuwa yule kaka mkubwa, ingawa ndiye aliyekuwa anazungumza. Muuzaji ilikuwa familia nzima.

Walitengeneza kikao cha familia na kuandika muhtasari wenye sahihi tano na ya Koko. Wakili akahesabu. "Watoto ni sita."

Kaka mkubwa akasema dada yao wa nne ameolewa Uvira, ana kwake, mambo ya hapa hayamhusu.

"Basi hatununui," nikasema. Sikuwa nimepanga kusema. Mume wangu alinigeukia kana kwamba nimemwaga chakula.

"Mama Neema, unataka kuniletea vita nyumbani kwangu?"

"Kaka, vita nataka viishe sasa, kabla sijajenga."

Kukawa kelele. Aliyezimaliza ni Koko, ambaye mpaka wakati huo alikuwa kimya anachambua maharage kwenye ungo. Hakuinua kichwa. Aliuliza: "Baba yenu alipokuwa hawezi kusimama, nani alikuja kumwogesha?" Hakuna aliyejibu. Yule dada alikuwa ametoka Uvira akakaa pale mpaka mazishi.

Tulimtumia nauli, dola sitini kwenda na kurudi, kwa njia ya Rwanda kwa sababu barabara ya Ngomo ilikuwa mbaya. Alifika, akasoma muhtasari wote, akauliza fungu lake ni kiasi gani, akatia sahihi. Hakuwa na ugomvi wowote. Ile sitini naiona kuwa ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote katika jambo hili. Ungekuwepo pale ungeona kwamba aliyetakiwa kushawishiwa hakuwa yeye.

Na kwetu pia kulikuwa na jambo la majina. Mume wangu alitaka kuandikisha kwa jina lake, kama nyumba. Nusu ya pesa ilikuwa ya likirimba yangu ya sokoni, ule mchango wa kupokezana. Nilimwambia mbele ya wakili, ambapo hawezi kubisha sana, kwamba karatasi ziwe na majina mawili. Tangu marekebisho ya 2016 mwanamke aliyeolewa hahitaji tena kibali cha mume ili afanye mkataba, na mambo makubwa ya namna hii wenye ndoa wanatakiwa wapatane. Tulipatana.

Kupima. Hili nataka mlisome polepole ninyi wa Kadutu, wa Bagira, wa Nguba, wote mnaoishi mlimani.

Kaka mkubwa alikuwa amepima mwenyewe: mita tisa kwa kumi na nne. Sisi tukapima, tukapata vilevile tisa kwa kumi na nne. Mpimaji wa kadastre alipokuja na vijana wake wawili akapata tisa kwa kumi na mbili na sentimita sabini. Wauzaji wakaruka. Mimi pia niliruka, nikidhani amenunuliwa na mtu. Akatuonyesha. Sisi tulilaza mita juu ya udongo, ikafuata mteremko kutoka kwenye mkaratusi mpaka kwenye mfereji. Yeye aliishika mita ikiwa imelala sawasawa hewani, kijana wa juu akiishikiza chini kwenye nyasi, kijana wa chini akiinua mkono mpaka kifuani, na kutoka mkononi mwake kamba yenye jiwe ikining'inia mpaka igonge udongo. Pale jiwe lilipogonga, wakachomeka kijiti. Kisha wakaanza tena kutoka kwenye kijiti. Hatua kwa hatua, kama ngazi, mpaka chini. Ramani, alisema, inahesabu ardhi kama ndege anavyoiona kutoka juu, haijui kupanda mlima. Mteremko ukiwa mkali kama wetu, mita moja na sentimita thelathini zinapotea hewani.

Hakuna aliyedanganya, lakini mkataba ungeandikwa kumi na nne na kadastre ikaandika kumi na mbili na sabini, siku moja mtu angetafuta ile tofauti kwa jirani wa pili, na ndivyo kesi za mipaka zinavyozaliwa mji huu. Tukarudi mezani. Wakakubali kushusha dola 300, ikawa 4,200. Nguzo za mpaka za zege zikasimikwa siku hiyohiyo mbele ya majirani wote wanaopakana, na shefu wa avenyu akaandika majina ya waliokuwepo. Piga picha kila nguzo, na kitu kisichohama kionekane nyuma yake: kona ya nyumba, mlango wa kanisa. Mkaratusi si kitu kisichohama. Wa kwetu umekatwa.

Kulikuwa na njia. Kichochoro cha miguu kilichopita pembeni mwa kipande, ambacho familia tatu za juu wanakitumia kushuka kuchota maji wakati bomba la Regideso limekauka kwao. Kwenye mkataba wa Muzee hakikuandikwa popote. Mume wangu alifikiria kukifunga, ni chetu sasa. Mimi nimekulia mlimani, najua mtu aliyefungiwa njia anavyokuwa. Tuliacha mita moja, tukaiandika kwenye makubaliano, zile familia tatu zikatia sahihi kwamba ni njia ya miguu tu, hakuna kujenga wala kumwaga taka. Kwa hiyo katika tisa tulizolipia tunatumia nane.

Siku ya kulipa. Tulikuwa tumegawa malipo sehemu tatu: ya kwanza baada ya muhtasari wa familia kukamilika, ambayo wakili aliishika ili itumike kwanza kuuhuisha ule mkataba uliokufa, ya pili, kubwa, mbele ya mthibitishaji siku ya sahihi, ya mwisho baada ya kadastre kuvigawa viwanja viwili na kila kimoja kupata namba yake. Msimpe mtu yote siku ya sahihi. Akishika yote, hana haja tena ya kupanda ngazi za ofisi pamoja nawe, na kuna sahihi zinahitaji awepo.

Dola mnazijua zilivyo hapa. Noti yenye kidonda kidogo kwenye ukingo, au iliyoandikwa kwa kalamu, inarudi kana kwamba ni karatasi ya sukari. Kaka mkubwa na dada wa Uvira waliinua noti moja moja dirishani. Walirudisha nne: moja ya zamani yenye kichwa kidogo, moja imepigwa muhuri wa kambisti (mbadilisha pesa), mbili zimechanika pembeni. Mthibitishaji anaangalia saa yake, mume wangu anashuka mbio kutafuta kambisti wa kuzibadilisha, akala hasara ya dola kumi na tano. Pitisheni pesa zenu kwa kambisti mnayemfahamu siku moja kabla. Tena mpige picha namba za noti zikiwa zimepangwa mezani, mbele ya wote, hakuna aliyekataa.

Mashahidi na shefu walichukua, wote pamoja, dola 120 na kreti ya bia ya Primus. Risiti hakuna. Nilijaribu kuomba, wakacheka.

Ofisi sitazieleza sana, kila mtu atakutana na zake. Kwa sababu tulinunua sehemu tu ya kiwanja cha Muzee, kwanza ilibidi kiwanja kigawanywe, kisha tubadilishiwe jina, kisha tuombe sertifika. Kila hatua ina malipo yake kwenye benki, yenye karatasi, na mengine yasiyo na karatasi. Yote yalifika kama dola 700. Kitu kimoja kilichotusaidia: daftari dogo nililoandika tarehe, nilimwona nani wa cheo gani, aliniambia nini, nilibaki na karatasi gani. Faili yetu ilipopotea mahali fulani kati ya meza mbili, daftari ndilo lililoonyesha faili ilikopita mara ya mwisho. Sertifika inatengenezwa nakala mbili, moja inabaki kwenye kitabu cha usajili cha konservateri, nyingine unapewa wewe. Omba uone ile ya kitabuni pia, usome jina lako limeandikwaje. Letu lilikosewa herufi moja, likasahihishwa palepale. Ningeligundua siku nyingine, lingedai maombi mapya.

Mvua haimsubiri konservateri, kwa hiyo ukuta tulianza Julai 2022, wino wa sahihi ukiwa bado mbichi na sertifika ikiwa mbali. Sertifika ilitoka 2024. Wakili alisema ni hatari tunayoweza kuibeba kwa vile warithi wote walikwisha kutia sahihi, na bila yule dada wa Uvira nisingethubutu.

Mawe yalimwagwa na lori barabarani, na kutoka pale yalipanda mgongoni mwa akina mama wabeba mizigo, kamba kwenye paji la uso, safari baada ya safari. Bei ya kuwabeba ilikaribia bei ya mawe yenyewe, na fundi hakuwa ameihesabu kwenye makadirio yake. Ukipewa makadirio, uliza: mpaka wapi? Mpaka barabarani, au mpaka pale ukuta unaposimama? Wale mama walipwe kila jioni, mkononi mwao, usipitishe kwa kapita, yule msimamizi wao.

Fundi wa kwanza alitaka ukuta mnene uliozibwa kabisa kwa simenti. Fundi wa pili, mzee aliyejenga kuta nyingi huko Muhumba, alimwambia anatujengea bwawa. Udongo wetu mwekundu unanywa maji mpaka unavimba, na maji yasipopata pa kutokea yanasukuma ukuta mzima. Alichimba msingi mpaka kwenye udongo mgumu, akaujenga mpana chini na mwembamba juu, ukiegemea mlima kidogo. Nyuma yake akajaza kokoto, na mbele akaacha mabomba ya plastiki yanatokeza kila baada ya mita moja na nusu. Mkaratusi aliuangusha lakini kisiki akakataza kung'olewa, kwa sababu mizizi ile ndiyo inayoshika udongo wa juu mpaka majani tuliyopanda yakomae. Mvua ya kwanza kubwa nilitoka nje na mwavuli kuangalia yale mabomba. Yote yalikuwa yanatoa maji ya rangi ya matofali, isipokuwa moja lililozibwa na mfuko wa simenti mtu aliosahau ndani. Nililizibua kwa fito.

Jumla, maana najua ndiyo mnayosubiri: ardhi 4,200, ukuta 3,100, ofisi 700, wakili 150, mashahidi 120, nauli ya Uvira 60, komisioneri 50. Zaidi kidogo ya dola 8,300. Ardhi yenyewe ni nusu tu. Tulikuwa tumeweka akiba ya ardhi na "kitu kidogo cha juu", na kile cha juu kilitugharimu pikipiki ya mume wangu.

Yote haya yalifanyika kabla ya Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23. Anayetaka kununua sasa asifuate njia yetu kwa macho yaliyofumbwa, hasa katika mambo ya ofisi na benki. Amwulize wakili wake kwanza karatasi itakayotolewa leo itatambuliwa na nani kesho, na kama anaweza kungoja, aandike mapatano na warithi wote, apime, asimike nguzo, alipe kidogo, na kile kikubwa akishike. Sisi nakala za karatasi zetu tuliziweka sehemu tatu: kwa wakili, kwa dada yangu aliye nje ya mji, na picha kwenye simu za watoto. Ile ya asili siandiki ilipo.